Viatu vya Jumanne

Kazi yangu ni theluji.
Manispaa imenipa greda la njano lenye taa inayozunguka
na ramani nisiyoihitaji:
barabara zetu ni tisa, zote zinaishia majini au mlimani.

Kuanzia mwisho wa Novemba jua halituoni.
Linapita nyuma ya mlima kama mdeni anayekwepa duka.
Nilikuwa na sababu, basi. Kila mlevi ana sababu,
yangu ilikuwa na urefu wa mita mia saba.

Jumanne, saa mbili usiku, zamu yangu ni kijia
kinachoshuka hadi chumba cha chini ya kanisa.
Mlango wa pembeni, taa moja, hakuna kibao.
Nilijua wanachofanya humo. Nani asiyejua?
Hapa mtu akipiga chafya ng'ambo ya ghuba
jirani anamletea supu.

Miaka mitatu niliwasafishia njia.
Nasukuma, natia chumvi, narudi kwenye greda,
nafungua chupa ya maji isiyo na maji.

Viatu kwetu huvuliwa mlangoni.
Ukifunguliwa, niliviona vimepangwa ukutani:
buti za mpira za kiwanda cha samaki,
raba za kijana, kamba moja nyekundu,
na vile vyeusi vya ngozi – nilivijua –
vya Hallbera, aliyening'oa jino Ijumaa
na mkono wake haukutetemeka.
Nikacheka, peke yangu, vioo vimefungwa:
kumbe na wewe, daktari!
Nikanywa kwa afya yake.

Siku iliyonileta haikuwa kubwa.
Sikuua mtu. (Nalisema hili haraka mno, najua.)
Nililigonga tu sanduku la barua la bibi Sigurlína,
nikalizika thelujini, nikaenda zangu.
Asubuhi nikamkuta na sepetu, miaka themanini na moja,
anachimbua kadi ya mjukuu.
Nikamsaidia kuchimba. Akanishukuru.
Akanipa na soksi, kazi ya mikono yake.

Jumanne iliyofuata nilisafisha kijia mara nne.
Theluji ya mara nne haikuwapo.
Ya tano, Bárður wa kiwandani akatoka kuvuta sigara,
akaitazama saruji inavyong'aa, akalitazama greda,
akasema: "Ukiendelea hivyo, Ketill, utatokea upande wa pili wa dunia.
Kahawa ipo."
Basi. Akaingia, akauacha mlango wazi,
joto likimwagika nje,
na kwetu joto halimwagwi.

Kuvua buti ndiko kulikonishinda.
Fundo moja, dakika ngapi sijui.
Soksi ya kushoto ilikuwa na tundu, kidole gumba nje.
Zile za Sigurlína zilikuwa kwenye greda, sikuthubutu kuzivaa.
Na woga wangu wote, huwezi kuamini,
haukuwa wa Mungu, wala wa kusema mbele za watu.
Ulikuwa wa kidole.

Viti kumi na viwili, watu saba, biskuti zilizolainika.
Nikataja jina langu, ambalo wote wanalijua tangu ubatizo,
likatoka kama la mtu niliyetumwa kumuulizia.
Likaishia hapo. "Karibu, Ketill."
Hallbera akanisogezea kikombe
kwa mkono ule ule.
Nilitaka kumwomba radhi kwa kile kicheko.
Bado sijamwomba.

Wiki ya tano nilianguka. Siku tatu, simu imezimwa,
greda limelala, mji umefukiwa hadi madirishani.
Nilirudi kwa miguu, Jumanne, nikinuka,
nikitegemea kukuta ukuta mweupe.

Kijia kilikuwa kimekatwa kwa sepetu,
kimepinda hapa, chembamba pale, si kazi ya fundi.
Sikuuliza ni nani.
Mlangoni, jozi saba,
zote zimelowa hadi kwenye kamba.